Waya wa Zamani Kifuani kwa Mama Yako

Elinipa mwanangu,

Mama yako amekufa. Watu wanasema ametutoka, wanasema amepumzika. Mimi naandika kama ilivyo. Amekufa hospitali Dodoma, miguu yake haifanyi kazi, anasubiri picha ya mgongo. Picha haikupigwa. Haikupigwa kwa sababu ya betri ya moyo aliyokuwa nayo kifuani. Na wewe unayo betri kama hiyo, na kesho unaenda nayo Tabora.

Ndiyo maana naandika. Umeenda Sepuka kumuaga bibi yako, nyumba iko kimya. Nikikwambia kwa mdomo utasema, "Baba, tumeshaongea." Hatujaongea. Mimi nilifoka, wewe ukalia, basi. Hayo siyo maongezi.

Mambo ya kula na kulala na marafiki wa chuoni siandiki. Shangazi yako amekupa hayo mpaka ukasinzia. Mimi niliishia darasa la nne. Nabeba magunia ya alizeti pale kiwandani, natoka jioni na vumbi la mashudu mpaka masikioni. Sina mengi. Ninayoyajua nimeyajua kwa kukosea.

Wewe ulikuwa hujaanza shule mama yako alipoanguka mara ya kwanza. Alikuwa anapepeta mtama. Ungo ukaenda huku, yeye huku. Tukasema jua. Akaanguka tena kanisani. Tukasema njaa. Ya tatu ndiyo tukampeleka zahanati, mganga akamshika mkono muda mrefu, nikafikiri amesahau anachofanya. Akasema moyo wa huyu mama unapiga polepole mno. Mama yako akamjibu, "Ni kama mtu anayebisha hodi na hataki kufunguliwa." Unamjua alivyokuwa. Hata akiwa amelala chini alikuwa na la kusema.

Dar wakamwekea betri. Ndogo, chini ya ngozi, upande wa bega la kushoto, na nyaya zinaingia mpaka kwenye moyo. Moyo ukichelewa, betri inausukuma. Akarudi mzima. Akalima, akapika pombe ya harusi ya mdogo wake, akagombana na mimi kama zamani.

Majirani wakaja kumwona. Mama Juma akamwambia, "Mama Elinipa, nichajie simu basi." Mama yako akamwambia, "Lete. Na hela ya umeme ulete." Wakacheka wote. Ila wengine wakiondoka walisema mengine. Kwamba mtu wa betri hafi vizuri. Kwamba akizikwa kifua kitaendelea kupiga chini ya udongo. Maneno hayo yalimfikia. Mbele ya watu alicheka. Toka siku hiyo hakutoka nje bila kufunga khanga mpaka shingoni. Hata kisimani, hata jua la Oktoba. Sikumwuliza. Nilifikiri ni mambo ya wanawake.

Na wewe ulipoanguka shuleni ukiwa kidato cha tatu, ukawekewa ya kwako, yeye ndiye aliyekufundisha kufunga kifungo cha juu. Nakuona mpaka leo. Kifungo cha juu, joto lolote lile.

Sasa nikwambie kosa langu.

Betri ya moyo inaisha kama betri nyingine. Ya mama yako ilipokaribia kuisha tulirudi Dar, wakaibadilisha. Siku ya kutoka daktari aliniita kwenye korido. Mama mmoja mwembamba, anaongea taratibu, hana haraka. Alinieleza. Najua alinieleza kwa sababu naikumbuka midomo yake inavyokwenda. Nami nilisimama mikono nyuma, nikasema, "Ndiyo daktari." Akaendelea. "Ndiyo daktari." Akaniuliza, "Umenielewa baba?" Nikasema, "Nimekuelewa daktari, asante sana, Mungu akubariki."

Sikuelewa hata kimoja.

Ndivyo nilivyofunzwa. Mtu mwenye elimu akisema, unaitika. Baba yangu aliitikia hivyo, na babu alimwitikia hivyo karani wa kodi. Kazini msimamizi akisema beba, nasema ndiyo. Akisema rudisha ulipotoa, nasema ndiyo. Kuuliza ni kama kumwambia mkubwa umekosea. Nilidhani namheshimu yule mama. Kumbe nilikuwa namfukuza. Aliondoka anaamini kuna mtu mmoja kwenye familia hii anajua kilichoko kifuani kwa mgonjwa. Kadi ya betri alinipa pia. Nikaichomeka juu ya ukuta, chini ya bati. Mvua ya ule mwaka upepo ulipoezua paa, ikawa uji.

Mwaka jana mgongo ukaanza. Ulikuwepo, uliona. Kwanza akawa anainuka kwa kushika ukuta. Hospitali ya kwanza wakasema inahitajika picha ya MRI, halafu wakaona ana betri, wakasema mtu wa betri haingii kwenye MRI, marufuku. Wakatupa dawa za maumivu. Nikasema ndiyo. Tukarudi nyumbani. Miezi ikapita hivyo. Sikujua kwamba kuna mahali pengine pa kuuliza. Mtu akikwambia mlango umefungwa, wewe unajuaje kama nyumba ina mlango mwingine?

Miguu ikaanza kufa ganzi. Ndiyo tukaenda Dodoma, wewe ukabaki na mitihani. Hii ambayo huijui nakwambia sasa. Wakampiga picha ya CT, ikaonyesha mfupa wa mgongo umeliwa. Ila haikuwaonyesha vizuri kinachobana uti. Daktari akaandika MRI. Tukakaa kwenye benchi nje ya kile chumba. Mama yako kwenye kiti cha magurudumu. Akaniinamia.

"Baba Elinipa. Tusiseme."

"Tusiseme nini?"

"Ya betri. Tukisema wataturudisha nyumbani tena."

"Na wakiuliza?"

"Wakiuliza nasema sina. Kwani mashine itanila?"

Nikamwambia, "Wewe mwanamke una kichwa kigumu." Akaniambia, "Miguu imekufa, kichwa ndicho kimebaki, niachie." Nikacheka. Elinipa, nilicheka. Nikasema haya.

Kijana wa picha akatoka. Akamwuliza maswali yake, una chuma mwilini, una kitu chochote ulichowekewa, mama yako anasema hapana, hapana, hapana, kama mtoto aliyeiba sukari. Mimi naangalia ukuta. Wakampeleka nyuma ya pazia abadilishe nguo. Nikasikia nesi anasema, "Mama, hiki nini?" Mama yako akasema, "Jipu la zamani hilo." Nesi akasema, "Jipu lina kona?"

Yule kijana alikuja mbio. Akasukuma kile kiti cha magurudumu, mama yako ndani yake, mbali na mlango mpaka mwisho wa korido. Akanigeukia. Mdogo, anaweza kuwa kaka yako.

"Mzee, mlitaka nimuue mimi?"

Nikaenda kusimama nyuma ya kiti cha mama yako.

Baadaye alitulia, akaja kukaa na sisi. Akatueleza, na mama yako ndiye aliyeuliza maswali, siyo mimi. Akasema ile mashine ni sumaku kubwa, na haizimwi. Umeme ukikatika sumaku iko palepale. Inaweza kuichanganya betri ikasahau kazi yake. Na wakati wa kupiga picha nyaya zinaweza kupata moto kwenye ncha, pale zinapogusa moyo.

Mama yako akasema, "Kwa hiyo ile hospitali ya kwanza walisema kweli. Marufuku."

Kijana akasema, "Hapana mama. Siyo marufuku kwa kila mtu. Kuna betri zilizotengenezwa ziruhusu MRI, mradi na nyaya zake ziwe za kuruhusu. Mtu wa moyo anakuja na kompyuta yake, anaibadilishia mpangilio kabla hujaingia. Ukiwa ndani tunaangalia mapigo mwanzo mpaka mwisho. Ukitoka anairudisha kama ilivyokuwa. Hata za zamani, kuna hospitali zenye watu wa moyo wanapima, kama faida ni kubwa kuliko hatari, wanapiga. Lakini lazima nijue una nini. Ukinificha, mimi ni mtu anayefyatua bunduki gizani."

Mama yako akasema, "Mwanangu nisamehe. Nilikuwa naogopa kurudi nyumbani."

Kijana akamwuliza betri ni ya aina gani. Hajui. Akaniuliza mimi. Sijui. Kadi? Uji. Akapiga simu Dar wakatafute. Wakati tunasubiri akampiga eksirei ya kifua, ile ya kawaida. Akaniita kwenye kioo. Nikaiona betri ya mama yako, kama saa ya mkononi. Akanionyesha kwa kalamu. "Waya huu unatoka kwenye betri unaenda kwenye moyo. Huu pia. Na huu wa tatu?"

Wa tatu ulikuwa umelala peke yake. Ncha moja kwenye moyo, ncha nyingine haijafungwa popote.

"Huu ni wa zamani," akasema. "Uliharibika, wakaweka mpya, huu wakauacha kwa sababu kuung'oa ni hatari. Hamkuambiwa?"

Pale ndipo nilipomsikia yule mama wa korido. Miaka yote ile baadaye. Alikuwa ananiambia kuhusu waya.

Nikamjibu yule kijana, "Tuliambiwa."

Akasema waya wa namna hiyo, usiofungwa popote, ndio wanaouogopa zaidi kupata moto. Betri ya mama yako hata ingekuwa ya kuruhusu, waya ule ulikuwa unaharibu ruhusa. Pale hawawezi. Labda Dar, kwa watu wa moyo wenyewe, wakae, wapime. Akasema kwa sauti ya chini, "Mngekuja na habari hii mapema, tungewaandikia mapema." Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya.

Dar wakakubali aende. Tukasubiri nafasi, tukasubiri gari la wagonjwa. Mama yako analala chali usiku na mchana, miguu haisogei. Alikuwa anamtania mgonjwa wa kitanda cha pili, bibi mmoja wa Kigogo, anamwambia, "Bibi, wewe una miguu na huendi, mimi naenda na sina miguu." Asubuhi moja alikuwa anakunywa uji. Akasema pumzi haiji. Akakishika kikombe vizuri akakiweka chini, hakumwaga. Halafu basi. Wakasema damu iliganda mguuni kwa kulala muda mrefu, ikapanda mapafuni.

Nilimwuliza daktari kama picha ingemwokoa. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwuliza daktari kitu. Akasema, "Sijui baba. Labda. Labda hata tungeiona mapema, isingebadilisha." Nimelibeba jibu hilo toka siku ile na sijui niliweke wapi. Gunia unajua utalitua kwenye stoo. Hili halina stoo.

Msibani wale wanawake waliomwosha waliniita. Mama Juma ndiye aliyesema, anaona haya. "Shemeji, hiki kitoke au kibaki? Watu wanauliza kama kitaendelea kupiga." Nikaweka kiganja juu yake. Hakikuwa kinapiga. Palikuwa pa baridi kama sehemu nyingine zote. Nikasema kibaki.

Baada ya arobaini nilikwenda na wewe kliniki yako. Uliona aibu, najua. Nilimwuliza yule daktari mpaka ukanivuta shati. Ya mwanangu ni ya aina gani? Nyaya zake? Kuna waya ulioachwa? Akisema neno silijui nikamwambia rudia. Akasema, "Mzee leo umekuja na maswali." Akakwambia wewe, mimi nasikia, kwamba ya kwako yote ni ya kuruhusu, betri na nyaya, hakuna kilichoachwa, unaweza kupigwa MRI siku ukihitaji, mradi wenye kazi wajue na mtu wa moyo awepo. Tukatoka nje ukaniambia, "Baba umenidhalilisha." Nikakwambia twende tukale chipsi.

Hata kazini wanaona. Juzi msimamizi kasema panga magunia kule nyuma, nikamwuliza kwa nini kule nyuma. Wote wakasimama. Hamisi akasema, "Baba Elinipa siku hizi ni mheshimiwa mbunge!" Wakacheka mpaka gunia likawaponyoka. Msimamizi naye hakuwa na sababu. Tukapanga palepale mbele.

Sasa pale tulipogombana.

Wiki iliyopita ulisema chuoni hutamwambia mtu. Wala matroni, wala wa chumba chako. Ulisema, "Baba, hapa Mkiwa mimi ni mtoto wa marehemu mwenye betri, na mimi mwenyewe nina betri. Tabora nataka niwe Elinipa tu. Nataka mtu anikatae kwa sababu ya tabia yangu mbaya, siyo kwa sababu ya kifua." Hapo ndipo nilipofoka. Nilisema unataka kunizikisha mara ya pili. Lile neno nilikosea kulisema. Ulilia, na mimi nikatoka nje kuchanja kuni ambazo zilikuwa zimeshachanjwa.

Nimelifikiria neno lako. Una haki. Najua walivyomfanya mama yako. Najua wasichana wa chumba kimoja wanavyoweza kuwa. Sina la kukwambia la kuondoa hilo. Sina.

Lakini nafikiria siku umeanguka kutoka kwenye pikipiki Tabora, umepoteza fahamu, wanakupeleka mahali penye sumaku. Au unaumwa kitu, wanaona kovu, wanasema marufuku, wanakurudisha bwenini na panadol, na wewe umelala huwezi kusema, "Mimi ya kwangu inaruhusiwa, pigeni simu." Aliyekuleta hajui kitu. Anasema, "Ndiyo daktari."

Nilichukua namba ya matroni ulipokuwa unafua. Nilitaka nimpigie nimwambie kila kitu. Niliishika simu mpaka mwanga wake ukazima. Nikaifuta namba. Kifua ni chako. Mama yako walimtangaza bila kumwuliza, na mimi sitakutangaza. Kwa hiyo sina namba, sina njia. Nikikosea hapa pia, nimekosea.

Naomba mtu mmoja. Siyo darasa zima. Mmoja utakayemchagua mwenyewe, ukimaliza kumjua. Umwambie una nini kifuani, kiliwekwa wapi, na kwamba ukishindwa kusema yeye aseme. Akikucheka, mwache, tafuta mwingine. Akikwambia umchajie simu, basi huyo anafaa, mwambie alete hela ya umeme.

Kadi yako nimeitia kwenye nailoni mbili, iko kwenye mfuko wa ndani wa begi lako. Lakini kadi haina mdomo. Ya mama yako haikusema kitu.

Sikuombi uniahidi. Watu wanaoniahidi vitu hunifanya nisiulize tena, na mimi kuuliza ndiyo kwanza najifunza. Nitakupigia Jumapili. Nitakuuliza, umemwambia? Ukisema bado, nitasema sawa. Jumapili nyingine nitauliza tena. Utachoka. Mama yako alichoka na mimi miaka mingi na hakuondoka kwa hiari yake.

Nimekaa na mama yako kwenye benchi moja, mkono wangu kwenye kiti chake, na sikuweza kumfanyia kitu. Wewe utakuwa mbali, ng'ambo ya Itigi, pori lile lote katikati. Nitafanya nini kutoka huku? Nimejiuliza tangu asubuhi. Jibu ni hakuna. Nimeshona mkanda wa begi lako, na viatu nimevipiga kiwi mpaka nikajiona ndani. Hayo tu ndiyo mikono yangu imeweza.

Basi linapita mapema. Nitakubebea begi mpaka barabarani na sitasema mengi, usidhani nimekasirika. Likishaondoka nitasimama kidogo. Kiwandani wamenivumilia siku nyingi za msiba, na leo tena wamenipa ruhusa ya kukuandaa, na alizeti mpya imeshaanza kuingia.

Kesho narudi kazini.

Baba yako.